Filamu ya pete tuliitazama banda la video Majengo, kumbe nyimbo zake hatukuwahi kuzisikia

Besi wa Pasua (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nikiwa darasa la sita kulikuwa na banda la video Majengo, hapa Moshi mjini. Mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mbao, watoto tunakaa chini mbele kabisa shingo juu. Hapo ndipo nilipoiona The Lord of the Rings, zote tatu, na si mara moja. Ya kwanza ilitoka 2001, ya pili 2002, ya tatu 2003, lakini sisi zilitufikia kwa mpigo, zikiwa zimeshatafsiriwa. Mnaojua mnajua: jamaa kakaa na maiki, anasimulia juu ya filamu kwa Kiswahili mwanzo mwisho, na akiongea yeye vingine vyote vinakaa kimya. Alikuwa hodari yule bwana, sina ugomvi naye. Elves, wale watu warembo wa msituni wasiozeeka, aliwaita "Maelfu", na mimi mpaka naingia sekondari niliamini kabila lile lina watu elfu moja kamili.

Sasa mwezi uliopita mdogo wangu kaniachia laptopu yenye hizo filamu katika lugha yake, bila msimulizi. Nikavaa hedifoni saa nne usiku watoto wasiamke. Aisee! Nilikuta filamu nyingine.

Wanaokumbuka ya tatu: kuna mzee mmoja mtawala anakula, anatafuna nyanya mpaka maji yanamchuruzika kidevuni, huku mwanawe kaenda na wapanda farasi kwenye vita ambayo kila mtu anajua hawarudi. Banda zima tulikuwa tunacheka hapo, kwa sababu msimulizi wetu alikuwa anapiga kelele, "Oneni huyu mzee mlafi! Mtoto anakufa yeye anakula nyanya!" Kumbe muda wote huo yule hobiti mdogo (wale watu wafupi wa hadithi hii), Pippin, amesimama mbele ya meza anaimba. Mzee kamwamuru aimbe. Hakuna ala, ni sauti tupu. Farasi wanakimbia, panga ziko juu, na unachokisikia ni kijana mmoja anayeimba kama mtu aliyepotea njia jioni. Mwigizaji mwenyewe, Billy Boyd, Mskoti, ndiye aliyetunga ile sauti. Maneno yametolewa kwenye kitabu cha Tolkien, mwandishi wa hadithi yenyewe. Nimeimba besi kwaya ya kanisa miaka kumi na nne, na msibani nimeshaimba sana, lakini pale nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

La pili ndilo lililoniuma. Kila filamu katika zile tatu ina wimbo wake uliotungwa maalumu, na nyimbo zote tatu zimewekwa mwishoni, majina yanapopanda. Ya kwanza kaimba Enya wa Ireland, "May It Be". Ya pili kaimba Emiliana Torrini wa Iceland, wimbo wa Gollum, yule kiumbe aliyeharibiwa na pete, wa kusikitisha kuliko zote. Ya tatu Annie Lennox, "Into the West", na huo ulichukua Oscar ya wimbo bora mwaka 2004, usiku ambao filamu ilishindanishwa vipengele 11 ikabeba vyote 11. Sasa niambieni, nani kati yenu amewahi kuona majina yakipanda kwenye banda la video? Neno la kwanza likitokea tu, mwenye banda anazima anatoa diski, "Haya tokeni, wengine waingie!" Tulisukumwa nje mara zote hizo, na wimbo wenyewe ndiyo kwanza unaanza nyuma yetu.

Hoja yangu ni hii. Kwenye zile kwaya kubwa za ndani ya filamu, hawaimbi Kiingereza. Howard Shore, Mkanada aliyetunga muziki wote, aliwapa waimbaji maneno ya lugha za Tolkien: za Elves, ya Mbilikimo, mpaka lugha moja ya kale kwa ajili ya wale wapanda farasi weusi. Maneno yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha mtaalamu wa lugha hizo, David Salo, akayageuza. Kwa hiyo Mwingereza aliyelipa tiketi yake London, kaketi kwenye kiti cha sponji, na yeye haelewi neno hata moja. Kwenye mazungumzo alitupita, sawa. Kwaya ilipoanza tulikuwa darasa moja, yeye na mimi wa kukaa chini. Na hilo darasa ndilo nililokoseshwa.

Wenye masikio karibuni.

---

Nyundo ya Njoro

Siti ya mbele nimewahi. Kahawa ipo.

---

chalii wa Sombetini

Mangi hii chai. Filamu yenyewe moja inakaribia saa tatu na nusu, banda gani la Moshi lilimaliza bila umeme kukatika? 😂

---

Besi wa Pasua

Chalii, ulikuwa unakatika. Tulikuwa tunaambiwa tusitoke, tukitoka tunalipa tena. Mwisho wa ya tatu niliujua kwa kuusoma kwenye uso wa kaka yangu aliyeiona siku nyingine.

---

Mgumu Mstaafu

Kaka Besi, umenigusa. Nimebeba mizigo mlimani misimu tisa, njia ya Machame na Marangu. Kuna mteja mmoja tulipofika Shira alikaa kwenye jiwe akavaa hedifoni, akanipa upande mmoja nisikilize. Ilikuwa ni ile sehemu ya mgodini, wanaingia kwenye ukumbi wenye nguzo. Nikamwambia hawa sio Wazungu hawa, hii ni sauti ya watu wanaojua kuimba wakiwa wamebeba. Akacheka. Akaniambia kwaya ya ule mgodi ni wanaume wa Kimaori na Kisamoa, ilirekodiwa huko huko New Zealand filamu ilikopigwa. Sehemu kubwa ya muziki uliobaki ni okestra ya London Philharmonic.

Sauti ya mtu anayeimba na kilo ishirini kichwani ina kitu. Haitoki kooni, inatoka chini ya mbavu. Wagumu wenzangu mtanielewa.

Ila nikuulize: sisi tunamwimbia mgeni "Jambo Bwana" kila asubuhi pale getini. Yeye anasikia nini? Maana maneno yenyewe tunajua ni habari gani, mzuri sana, wageni mwakaribishwa. Hayana siri yoyote. Lakini nimeona mama wa miaka sitini analia.

---

Besi wa Pasua

Mgumu, shikilia hapo hapo. Hilo swali ndilo lililonifanya nifungue uzi, sikujua kuliuliza.

---

Dada Ngaramtoni

Ngoja niwaharibie starehe kidogo. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, naelekea mwaka wa kumi na moja. Hakuna gari niliyopanda ambayo mgeni hajaanza "Nants' ingonyama", ule wimbo unaofungua filamu ya The Lion King, jua linapochomoza pale Naabi, lango la Serengeti. Wanapiga ile sauti ya mwanzo, halafu wanakwama, wananigeukia niwamalizie. Kila mara nawaambia: wapendwa, hicho ni Kizulu. Mwimbaji ni Lebo M, mtoto wa Soweto, Afrika Kusini. Kiko mbali na Serengeti kama ilivyo mbali Moscow na London. Wananiangalia kama nimewaambia hakuna Krismasi.

Sasa hoja ya Besi naigeuza upande wa pili. The Lion King ya 1994 muziki ni wa Hans Zimmer, nyimbo ni za Elton John na Tim Rice, na Oscar walichukua zote mbili, ya muziki na ya wimbo. Kwenye kipengele cha wimbo walikuwa na nyimbo tatu kati ya tano zilizopendekezwa! Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini mtoto wa Kimarekani akisikia "hakuna matata" anasikia kitu cha ajabu kutoka nchi ya mbali. Mwanangu alipoisikia aliniuliza, "Mama, kwa nini hawasemi hakuna shida?" Sasa ajabu iko wapi hapo? Pumbaa, jina la yule ngiri, kwake ni mtu aliyepumbaa. Shenzi, jina la yule fisi, ni neno ambalo nikimsikia nalo atalala njaa. Na yule nyani mzee anaimba "asante sana squash banana, wewe nugu mimi hapana", ukumbi wa Wazungu unaona hekima ya mababu, sisi tunaona nyani anatukanana.

Kwa hiyo kaka, jibu la Mgumu ni hili: yule mama analia getini kwa sababu haelewi. Sisi ndio Maelfu wake.

---

Nyundo ya Njoro

"Sisi ndio Maelfu wake." Dada umeua. Funga uzi.

---

chalii wa Sombetini

Usifunge. Chuga tumeingia sasa, ndio mtasikia maneno ya maana.

Dada kasahau ile ya 2019. Beyoncé ana wimbo "Spirit", unaanza kwa watu kuitikiana kwa Kiswahili: "Uishi kwa muda mrefu mfalme." Mimi nilikuwa kwenye daladala ya Kijenge, nikasema hee, nani kaandika hii kwa kamusi? Nani anamwambia mfalme "kwa muda mrefu"? Hilo ni neno la mkataba wa nyumba.

---

Besi wa Pasua

😂😂 Chalii leo umenena. Na jibu lilikuwa kwenye Biblia muda wote, Danieli 2: "Ee mfalme, uishi milele." Maneno manne, na yanaimbika. Ukilitaka la mtaani, "Mfalme adumu" linatosha.

Lakini nitawatetea kidogo. Yale maitikio ya pale mwanzo hayakutungiwa mtu wa Kijenge. Yametungiwa mtu ambaye atasikia u-i-shi-m-fa-l-me kama kengele. Irabu zetu ni tamu kuimba, hilo hata walimu wa kwaya wa Kizungu wanalijua: silabi inafunguka, koo halibanwi. Mfano ni "Baba Yetu" ya Christopher Tin. Ni sala ya Bwana tu kwa Kiswahili, aliitunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa 2005, Civilization IV, na mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Tumeiimba na sisi kanisani. Mazoezini wenzangu walikuwa wanauliza huu ni wimbo wa parokia gani, nikawa naona aibu kusema ni wa mchezo wa kupigana vita.

Hapo lugha ile ile ni siri kwa mmoja na ni sala ya kila siku kwa mwingine, na imefanya kazi kwa wote wawili. Kwa hiyo dada, kuelewa hakuui wimbo kila mara. Kinachoua ni maneno yaliyowekwa pale kama pambo.

---

Dada Ngaramtoni

Hapo nakubali nusu. Nusu nyingine nitakaa nayo.

---

Fundi Mitambo

Nimesoma kimya, naomba nichafue hewa. Mimi narekodi kwaya na bongofleva huku Arusha. Mnazungumza kama muziki wa filamu ni kanisa. Filamu ni biashara. Ule mdundo, kelele, watu mia wanaimba "aaa" ili uogope. Toa picha, hakuna wimbo hapo. Nipe mtu mmoja anayeweza kuimba kipande chochote cha hiyo filamu yenu akiwa bafuni.

---

Besi wa Pasua

Fundi, karibu, maana wewe una vifaa vya kunihakikishia. Fanya hivi usiku wa leo.

Tafuta kipande cha yule mchawi mweupe, Saruman, pale miti inapokatwa na viwanda vinapochimbwa chini. Piga makofi ufuate. Utahesabu moja mbili tatu nne, halafu mguu utakosa pa kukanyaga, kwa sababu zipo tano. Moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano, na chuma kinagongwa juu yake. Niliwajaribu vijana wa kwaya jumamosi, tenor wote walianguka kwenye kipimo cha tatu. Mashine inayotembea kwa kuchechemea, haipumziki, na haichezeki. Hiyo siyo kelele. Mtu alikaa akafikiri: viwanda hivi visiwe na mdundo ambao binadamu anaweza kuupenda.

Kisha nenda kwa wale wafuga farasi wa Rohan. Unasikia fidla inalia peke yake, ina ukungu fulani nyuma yake. Ni fidla ya Norway, Hardanger. Ina nyuzi za ziada chini ambazo upinde hauzigusi, zinatetemeka zenyewe nyuzi za juu zikipigwa. Zeze lenye mwangwi wake tumboni. Mfalme anafiwa na mtoto, zinalia za juu na za chini ambazo hakuna aliyezigusa. Mimi sihitaji mchungaji aje kunieleza hapo.

Wa Gondor, taifa la yule mzee wa nyanya, wao wana matarumbeta na honi, na hapo sisi wa Kilimanjaro tuko nyumbani. Mtu yeyote aliyezikwa Machame au Marangu na bendi ya matarumbeta ya kanisa anajua shaba inasema nini ikipigwa polepole. (Samahani, aliyezikwa hajui. Mnanielewa.)

Kila taifa lina sauti yake, na sauti zinatembea. Ile ya nyumbani kwa mahobiti inaanza kwa filimbi, mambo ya shambani, watu wanakunywa. Baadaye ukiisikia tena ni mtoto mmoja anaimba, wakati watu wako mbali na hawajui kama watarudi. Nota ni zile zile. Filamu zetu nyingi za nyumbani zinaweka kinanda kimoja cha huzuni kuanzia harusi mpaka mahakamani, halafu tunashangaa kwa nini hatulii.

Na ya bafuni hii hapa, kwa solfa, ufunguo wowote unaokufaa:

d r m – s – m – r – d

Imba mara mbili. Usipolala nayo kichwani, kesho uje unidai.

---

Fundi Mitambo

Imenikaa tangu saa mbili usiku. Mke wangu ananiuliza ni tenzi namba ngapi.

---

Mwalimu Mstaafu Kibosho

Vijana, shikamooni ninyi kwa leo, maana mmenifundisha. Ninaongeza mawili.

Tolkien mwenyewe alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akachukuliwa Uingereza akiwa mdogo. Hiyo haimfanyi kuwa wetu, lakini nimeona niiseme.

La pili ni huo wimbo wa Annie Lennox. Maneno yake yana kumbukumbu ya kijana wa New Zealand, Cameron Duncan, aliyekuwa anajifunza kutengeneza filamu na aliyejuana na watengenezaji wa hiyo. Saratani ilimchukua 2003, ana miaka 17. Ndio maana ule wimbo unaongea na mtu aliyelala, unamwambia usiku umeingia, pumzika, merikebu zimekuja kukuchukua. Nilifiwa na kijana wangu wa pili. Ule wimbo alinitumia binti yangu anayeishi Dodoma, bila maelezo, na mimi sikujua umetoka kwenye filamu yoyote mpaka leo niliposoma hapa. Nilidhani ni wa kanisani.

---

Besi wa Pasua

Marahaba hatuistahili, shikamoo mwalimu. Pole sana.

Ninakuja kwako jumapili mchana na hiyo laptopu kama utakuwepo. Tutaanzia majina yanapopanda.

---

Mwalimu Mstaafu Kibosho

Marahaba. Njoo baada ya ibada ya pili. Huku umeme hauaminiki, uje umeichaji.

---

chalii wa Sombetini

Na Chuga je? Sisi hatualikwi?

---

Dada Ngaramtoni

Chalii kaa kwa kutulia, wewe ulisema ni chai.

---

Mgumu Mstaafu

Mimi niko Kiboriloni, nitapita na ndizi. Mwalimu, kama una spika mbovu usihangaike, ninayo moja nilipewa na mgeni mlimani, ndogo kama embe lakini besi inasikika.